Ardhi, hakimiliki au wimbo wenyewe: ulinganisho kwa anayetafuta mada ya tasnifu ya sheria

Mwaka 1987, katika kesi ya ardhi iliyosikilizwa British Columbia, Kanada, bibi mmoja wa jamii ya Gitxsan, Mary Johnson, alisimama kutoa ushahidi. Wakili akamwomba aimbe wimbo wa maombolezo ulio ndani ya masimulizi ya ukoo wake. Kwa Wagitxsan, masimulizi hayo pamoja na nyimbo zake ndiyo hati ya ardhi: yanaeleza ukoo ulifikaje pale, ulizika nani, na kwa nini nchi ile ni yao. Jaji hakutaka. Alisema sikio lake ni la bati, wimbo hautamfaa kitu. Bibi akaimba hivyo hivyo.

Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Delgamuukw, iliamuliwa mwaka 1991, na madai ya Wagitxsan na jirani zao Wet'suwet'en yakakataliwa. Tarehe 11 Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema vingine: masimulizi ya mdomo yapewe nafasi yake kwenye mizani, sawa na nyaraka, na kesi isikilizwe upya.

Naanza na bibi huyu kwa sababu kila msimu wa mapendekezo ya utafiti huja wanafunzi wa shahada ya uzamili waliokwama mahali pamoja. Mmoja anasema: "Mwalimu, nataka kuandika juu ya ardhi, lakini naona kila mtu ameandika." Mwingine anasema: "Napenda muziki, ila naogopa wataniuliza sheria iko wapi." Wote wawili hudhani ardhi na muziki ni ncha mbili za ufuo zisizoonana. Nikiwasimulia habari za sikio la bati, hutulia kidogo, kisha tunaanza kuzungumza.

Njia ninazolinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni sheria ya mali kama tuliyofundishwa sote, ambayo kwetu maana yake ni ardhi. Ya pili ni muziki kama mali, yaani hakimiliki na kila kinachoizunguka. Ya tatu ni uhusiano wa sheria na muziki wenyewe: wimbo kama ushahidi, wimbo kama kosa, na ule mjadala wa zamani unaomfananisha jaji na mpiga ala. Yote matatu ni elimu ya sheria yenye heshima yake. Tofauti iko katika kile ambacho kila njia itakudai.

Tutazipima kwa nini

Zote nitaziuliza mambo yale yale. Swali lake kuu ni lipi? Nani wametangulia, maana tasnifu ni mazungumzo na huwezi kuzungumza peke yako? Ushahidi uko wapi, na je, utaufikia kwa nauli na muda ulio nao? Inakudai ujuzi gani zaidi ya kusoma vifungu? Watu huanguka wapi? Na mwisho, inamfaa nani?

Kuhusu ushahidi nina msimamo mkali. Nimeona mada nzuri zikifa kwa sababu mwandishi hakuwahi kuuliza, kabla ya kuandika sura ya kwanza, karatasi anazozihitaji ziko kabati gani na ufunguo anao nani.

Njia ya kwanza: ardhi

*Swali lake.* Nani anaweza kumzuia nani asiingie, asilime, asiuze, na uwezo huo ameupata wapi? Ukikaa pwani utaliona swali hili kwa macho. Kuna mashamba ambako udongo ni wa mtu mmoja na minazi iliyosimama juu yake ni ya mwingine, na kila mmoja anarithisha chake. Wanazuoni wa Marekani wanaufananisha umiliki na mzigo wa fito: unachomoa ufito mmoja, haki ya kuvuna, unampa jirani, nyingine unabaki nazo. Wengine wanaupinga mfano huo na kusema kiini cha mali ni kimoja tu, uwezo wa kuwazuia wengine. Mwenye mnazi kwenye shamba la mtu angeweza kuwasomesha wote wawili.

*Waliotangulia.* Ni wengi, na hapo ndipo utamu na uzito wa njia hii. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1689 alisema mtu anapochanganya jasho lake na ardhi huwa ameifanya yake, kwa sharti kwamba abakize ya kutosha na nzuri kwa wengine. Sharti hilo wanafunzi hulisahau, na walowezi walilisahau kabla yao. Mwaka 1968 Garrett Hardin akaandika kwamba malisho ya wote huishia kuharibiwa na wote. Elinor Ostrom hakuridhika na nadharia ya mezani. Akachunguza jamii zenyewe, mifereji ya Valencia, malisho ya milima ya Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani, akaonyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba watu hujiwekea kanuni na kuzishika kwa karne nyingi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi.

Lakini kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, mlango halisi ni H.W.O. Okoth-Ogendo wa Kenya na Issa Shivji wa Tanzania. Okoth-Ogendo alionyesha kwamba ardhi ya pamoja ya Kiafrika haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Ilikuwa na ngazi za maamuzi, familia, ukoo, jamii, na wakoloni walijifanya hawazioni ili waweze kusema nchi haina mwenyewe, basi ni ya Mfalme. Shivji aliongoza Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1991. Tume ilipendekeza umiliki wa mwisho wa ardhi uondolewe mikononi mwa Rais na ule wa ardhi ya vijiji uwekwe kwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali. Sheria za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, ziliiacha ardhi yote kuwa ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Ukitaka kuelewa kwa nini hati ya haki miliki ya kimila iko kama ilivyo leo, anzia kwenye mvutano huo.

*Ushahidi uko wapi.* Hapa njia hii inashinda nyingine kwa wingi. Hukumu zinapatikana bure mtandaoni, TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya. Na ziko hukumu ambazo ukizisoma unasikia watu ndani yake. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake alikwenda mahakamani kudai mauzo hayo ni batili kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizokwisha kuingizwa katika Katiba, na mauzo yakasimama. Miaka minne baadaye Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Akonaay, ikatamka kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwaka 2017 iliamua kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya. Karatasi zipo. Kazi ni kuzisoma polepole.

*Inadai nini.* Historia. Huwezi kuandika juu ya kijiji cha Tanzania bila kuijua Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 na Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970, wala juu ya mwambao wa Kenya bila kujua usajili wa hati ulioanza na sheria ya mwaka 1908 ulivyowaacha wengi wakiitwa maskwota kwenye nchi ya babu zao. Inadai pia miguu, maana baraza la ardhi la kijiji halisomwi ukiwa maktaba.

*Watu huanguka wapi.* "Wanawake na ardhi Tanzania" si mada, ni maktaba nzima. Wengi hurudia yaliyosemwa kwa sababu wamechagua swali pana. Hatari ya pili naiona kubwa zaidi: ukienda kuhoji watu walio katikati ya mgogoro, kila upande utakuona wakili wake. Waliokufungulia mlango wanaweza kuumia baada ya wewe kuondoka. Funika majina, na usichukue nakala ya karatasi ambayo mwenyewe hajakuruhusu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kazi yake isomwe na maofisa ardhi, mahakimu na mashirika ya haki, na aliye radhi kusema jambo dogo kwa uhakika kamili.

Njia ya pili: muziki kama mali

*Swali lake.* Shamba likilimwa na wawili, kila mmoja anapata nusu. Wimbo ukiimbwa na elfu moja haupungui hata noti moja. Basi kwa nini uwe wa mtu? Sababu zote tunazotumia kwenye ardhi, jasho la Locke, kuharibika kwa malisho, inabidi zipimwe upya hapa, na nyingine hazipiti. Nalipenda swali hili kwa sababu linamrudisha mwanafunzi kwenye misingi. Anayeweza kueleza kwa nini wimbo ni mali, huwa ameielewa na ardhi pia.

Ndani yake kuna swali jingine, ambalo kwetu naliona ni zito kuliko hilo: kinachomilikiwa ni kitu gani hasa? Uingereza mwaka 1777, katika kesi iliyofunguliwa na mtunzi Johann Christian Bach dhidi ya wachapishaji waliouchapa muziki wake bila ruhusa, jaji Lord Mansfield aliamua kwamba muziki uliochapwa ni maandishi, kwa hiyo unalindwa na sheria ya mwaka 1710 iliyotungwa kwa ajili ya vitabu. Muziki uliingia katika sheria kupitia mlango wa karatasi. Yanayoandikika, yaani sauti kuu na maneno, yakalindwa vizuri. Yasiyokaa vyema kwenye karatasi, mapigo ya ngoma, namna ya kuitikia, namna mwimbaji anavyolivuta neno, yakabaki nje.

Sasa liweke swali hilo mbele ya kikundi cha taarab. Kuna aliyetunga shairi, kuna aliyelitia muziki, kuna mwimbaji ambaye bila sauti yake hakuna ambaye angelikumbuka. Wimbo ni wa nani? Liweke mbele ya ngoma ambayo kila kijiji kina mshororo wake. Sheria ya mtunzi mmoja na karatasi moja inababaika.

*Waliotangulia.* Wengi wako Marekani, na walio bora miongoni mwao wameliona tatizo hili hili. K.J. Greene aliandika mwaka 1999 jinsi hakimiliki ilivyowaacha wanamuziki weusi bila ulinzi ambao wengine waliupata. Olufunmilayo Arewa, mwaka 2006, alifuatilia mapokeo ya kuazima katika muziki tangu zama za kina Bach hadi hip hop, akaonyesha kwamba wazo la mtunzi anayeumba kutoka utupu ni wazo la juzi. Kutoka upande wa sheria ya mali, Michael Heller aliandika mwaka 1998 juu ya hali iliyo kinyume cha malisho ya Hardin: kitu kina wamiliki wengi, kila mmoja anaweza kukataa, mwishowe hakitumiki kabisa. Alichukua mfano wa maduka ya Moscow yaliyobaki matupu huku vibanda vikijaa mbele yake. Mtayarishaji yeyote aliyewahi kuomba ruhusa ya kutumia wimbo wa zamani, akaambiwa amtafute mtunzi, kampuni, na warithi wa mpiga gitaa, anaijua Moscow hiyo.

Wanaoandika juu ya Afrika Mashariki ni wachache mno kulingana na muziki tulio nao. Ubishi juu ya nani hasa alitunga Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi na dunia nzima ikauimba, umeandikwa sana magazetini na kidogo sana na wanasheria.

*Ushahidi uko wapi.* Hapa nakuwa mkweli: ni mgumu. Sheria zenyewe ziko wazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina yake ya 2003, Kenya ya 2001, Uganda ya 2006. Kenya iliongeza mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimapokeo. Lakini maisha ya muziki yako ndani ya mikataba, na mikataba imefungiwa. Msanii atakusimulia saa tatu jinsi alivyodhulumiwa, ukimwomba akuonyeshe karatasi, hana, au amekatazwa kuitoa. Hukumu za kwetu zilizochapishwa ni haba ukilinganisha na za ardhi.

Kwa hiyo wengi hulazimika kusoma kesi za nje, na zipo zenye kufundisha. Chukua habari ya wimbo wa Mbube. Solomon Linda aliurekodi Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na kuimbwa na watu wengi, hadi ukaingia kwenye filamu ya Disney. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mwaka 2004 wanasheria wa familia yake walifungua kesi Afrika Kusini, na silaha waliyoikuta ilikuwa ndani ya sheria ya kikoloni yenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911. Kwa mujibu wake, haki iliyouzwa na mtunzi katika uhai wake hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Hesabu inafika mwaka 1987. Mwaka 2006 pande zikapatana nje ya mahakama. Mwanafunzi wa ardhi ataitambua fikra hiyo mara moja, maana ndivyo kipande cha ardhi kinavyomrudia mwenyewe pango likifika mwisho.

Au chukua suala la kukata kipande cha rekodi ya mtu na kukipandikiza kwenye wimbo mpya, jambo ambalo maprodyuza wetu hulifanya kila siku. Mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilisema mwaka 2005 kwamba hata kipande kidogo namna gani kinahitaji leseni. Nyingine ya nchi hiyo hiyo ikakataa msimamo huo mwaka 2016. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2019, katika kesi ya Kraftwerk, kundi la muziki la Ujerumani, iliyohusu sekunde 2 tu za mapigo, ikaamua kwamba ruhusa ni lazima, isipokuwa kipande kimegeuzwa kiasi cha kutotambulika kwa sikio. Kwa sikio la nani? Hapo una sura nzima ya tasnifu.

*Inadai nini.* Sikio, kwanza. Huhitaji kusoma noti, lakini lazima uweze kueleza kwa maneno nini kimefanana kati ya nyimbo mbili na nini hakikufanana. Pili, uwezo wa kusoma mkataba wa kibiashara bila kuogopa hesabu za mirabaha.

*Watu huanguka wapi.* Wanaibeba sheria ya Marekani nzima nzima na kuishusha Kariakoo, bila kuuliza kama kifungu kinacholingana nayo kipo hapa. Wengine huandika kwa hasira waliyopewa na wasanii, na hasira hiyo ninaielewa, lakini tasnifu inataka uonyeshe kifungu kilichovunjwa na sentensi ya mkataba iliyovunja. Kuna pia shida ya kalenda. Sheria hizi hurekebishwa mara kwa mara, na sura yako ya tatu inaweza kuchakaa kabla hujatetea. Andika tarehe ya sheria uliyoisoma kwenye ukurasa wa kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye jamaa au marafiki ndani ya muziki watakaomwamini na karatasi zao. Bila mlango huo, njia hii itakuchosha. Ukiwa nao, naamini hakuna mahali penye nafasi kubwa zaidi ya kusema neno jipya Afrika Mashariki leo.

Njia ya tatu: sheria na wimbo

*Swali lake.* Hapa hatuulizi wimbo ni wa nani. Tunauliza sheria inausikiaje wimbo, na kama sheria yenyewe ina tabia ya muziki. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, *nomos*, lililotaja sheria na pia aina ya wimbo, na Plato aliuchezea ufanano huo kwa makusudi.

*Waliotangulia.* Jerome Frank, jaji wa Marekani, aliandika mwaka 1947 kwamba anayefasiri sheria ya bunge ni kama mpiga ala mbele ya karatasi ya mtunzi: hawezi kuipiga bila kuongeza kitu chake. Mwitaliano Emilio Betti, mwaka 1955, aliuweka ufasiri wa sheria na wa muziki chini ya nadharia moja. Mwaka 1991 Jack Balkin na Sanford Levinson waliufufua mjadala kwa kuangalia wanamuziki wanaosisitiza kupiga nyimbo za kale kwa ala za kale, wakauliza kama majaji wanaosisitiza maana ya asili ya Katiba hawafanyi jambo lile lile. Desmond Manderson alikwenda mbali zaidi mwaka 2000: alikiandika kitabu chake chote katika sura zenye majina ya maumbo ya muziki.

Maandishi haya ni mazuri, lakini yameegemea muziki unaoandikwa. Mtu aliyekulia kwenye ngoma, ambako hakuna karatasi ya mtunzi na kila mpigaji ana haki ya kuongeza, angeuliza swali tofauti kabisa kuhusu jaji. Sijaona aliyeliuliza vizuri kutoka kwetu.

*Ushahidi uko wapi.* Njia hii ina kesi nzito, na mojawapo iliamuliwa Arusha. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Rwanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimshtaki, na nyimbo zake zikawekwa mezani: zilikuwa na maana gani, kwa nani, mwaka gani? Wataalamu waliitwa kufafanua mafumbo. Tarehe 2 Desemba 2008 alihukumiwa miaka 15 kwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari. Soma kwa uangalifu, maana wengi hukosea hapa: hakutiwa hatiani kwa kutunga nyimbo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti kutoka kwenye gari, barabarani, Juni 1994. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo zilitumika kueneza chuki, lakini haikuona uthibitisho wa kutosha kumfunga kwazo. Mpaka uko wapi kati ya wimbo na amri? Hukumu inapatikana, ni ndefu, na inamtaka msomaji mwenye moyo.

Halafu ipo hazina ya nyumbani. Mipasho katika taarab ni mashtaka na utetezi mbele ya hadhira, bila karani wala faini. Anayepigwa kijembe anajijua, jirani wanamjua, lakini jina halikutajwa. Sheria ya kashfa inadai mlalamikaji athibitishe kwamba maneno yalimhusu yeye. Mtunzi wa mipasho ana ufundi wa kuyafanya yamhusu bila kuthibitika.

*Inadai nini.* Lugha. Si Kiswahili cha darasani tu, bali lugha yenyewe ya wimbo, pamoja na mafumbo yake ya mwaka ule. Na ustahimilivu wa kusoma falsafa.

*Watu huanguka wapi.* Wanakuja na mfano mzuri, "jaji ni kama mwimbaji", wanaurudia kurasa 100. Mtahini atauliza: mfano huu umekuonyesha nini ambacho usingekiona bila yake? Kama huna jibu la sentensi moja, huna tasnifu bado.

*Inamfaa nani.* Anayelenga kufundisha na kuandika, na aliye na msimamizi anayeikubali mada kwa moyo. Msimamizi anayekuvumilia tu hatakusaidia siku ya utetezi.

Kulingana na hali yako

Kama unafanya kazi mchana na una miezi 6 tu, kaa na hukumu zilizochapishwa. Chagua ardhi, kifungu kimoja, mahakama moja, kipindi kinachoshikika. Au chagua Bikindi peke yake. Hakimiliki kwa njia ya mikataba na mahojiano itakuishia njiani.

Kama wewe mwenyewe ni mwanamuziki, au umelelewa nyumbani kwa mwanamuziki, usijilazimishe kwenda kwenye ardhi eti kwa sababu inaonekana ya maana zaidi. Una funguo ambazo wengine hawana. Ila usiandike juu ya mkataba wako mwenyewe au wa baba yako kama kesi kuu. Tafuta wa mtu mwingine, na wako ukutumikie kama taa tu.

Kama familia yako ina mgogoro wa shamba unaoendelea, tafadhali chagua ardhi ya wilaya nyingine. Nasema hivi kwa upole. Nimemwona mwanafunzi mwerevu akishindwa kuandika sentensi moja iliyo sawa kuhusu mjomba wake.

Kama lengo ni ajira serikalini, kwenye mabaraza au mashirika ya haki, ardhi itakufungulia milango mapema. Kama ni kampuni za mawakili zinazohudumia burudani na matangazo, hakimiliki ndiyo watakayokuuliza. Ukilenga chuo kikuu, yoyote kati ya tatu inafaa, lakini ya tatu itakuhitaji uchapishe makala moja nje ya tasnifu ili watu wajue unafanya nini.

Kama unajua vizuri lugha ya jamii ambayo nyimbo zake zinataja mipaka, mito, makaburi na majina ya waliofika kwanza, una kitu ambacho hakiko katika njia moja peke yake. Nenda kaulize kama wimbo wa namna hiyo umewahi kutolewa mbele ya baraza la ardhi, na mwenyekiti alifanya nini. Aliunukuu? Aliukatiza? Katika kumbukumbu za shauri aliandika nini? Hilo ni swali la ardhi, la ushahidi na la muziki kwa pamoja, na linaweza kujibiwa kwa faili chache tu za wilaya moja.

Na kama umesoma mpaka hapa bado hujaamua, chukua hukumu tatu: ya Pastory, ya Kraftwerk na ya Bikindi. Zisome ndani ya wiki mbili, moja moja, kalamu mkononi. Usijiulize ipi ilikufurahisha. Hesabu kwenye ukingo wa karatasi ni ipi uliyobishana nayo zaidi, kisha uje na maswali hayo kwa msimamizi wako.